Neno "imeingia"

Mjomba alikuwa amepiga goti mbele ya mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, patasi mkono mmoja, nyundo ya mti mkono wa pili, vumbi la mbao limemkaa kwenye nyusi. Nilisimama mlangoni pa karakana nikaikinga nuru. Hakuinua kichwa.

"Waniziba mwangaza," akasema.

Nikasogea, nikamwekea simu mbele ya macho. Ilikuwa picha ya skrini kutoka kwa binamu yangu aliye Columbus, Ohio. Juu jina la benki yake, chini salio, na kwa maandishi ya kijani dola 3,900 zimekaa zimetulia.

"Imeingia, Mjomba."

Akaweka patasi chini. Akajipangusa uso kwa ncha ya kikoi, akasema Alhamdulillahi, kisha akampigia simu mwenye mbao. Haikupita wiki, magogo ya mbambakofi yakashushwa kwenye boti pale ufuoni, yakaingia mtaa wetu wa Langoni, Lamu, juu ya migongo ya punda.

Siku ya kumi na mbili tangu hundi iwekwe, zile dola 3,900 zikatoka. Zote.

Hazikuibwa. Benki yenyewe ndiyo iliyozitoa, ikaongeza na ada juu yake, na sheria ilikuwa upande wake.

Hii ni wiki ya sita nakaa na jambo hili. Hasara naielewa, maana hasara ina hesabu yake. Kinachonikera ni lile neno. Nililitamka kwa kinywa kipana, mbele ya mtu mzima aliyeniamini, wala sikujua nasema nini.

Mteja mwenye haraka

Milango ya Mjomba mimi ndiye ninayeipiga picha na kuiweka mtandaoni. Yeye hana habari na mambo hayo, akimaliza nakshi hunita tu, "Ndoo uone." Basi mwezi wa pili wa mchezo huu wangu akatokea mteja. Alisema yuko Marekani, anajenga nyumba, anataka mlango wa Lamu wa bao mbili wenye maua kizingitini. Bei dola 2,400. Hakubishana hata kidogo, na hapo ndipo ningeshtuka, maana tangu lini mtu akanunua mlango Lamu bila kubishana?

Aliposikia tuna ndugu Ohio akafurahi. Akasema atamtumia hundi kwa njia ya kuria, iwe rahisi kwa kila mtu. Ilipofika, ilikuwa imeandikwa dola 3,900. Zile 1,500 za ziada, akaeleza, ni za msafirishaji atakayeuchukua mlango Mombasa; tafadhali mpelekeeni haraka, meli haingoji.

Najua unavyonitazama. Nitazame tu.

Kilichotufumba macho ni aina ya hundi yenyewe. Haikuwa hundi ya mtu binafsi, iliyochanwa kwenye kitabu chake na kutiwa sahihi yake. Ilikuwa hundi ya benki, ile ambayo benki inajiandikia yenyewe: mteja ameshatoa pesa, benki imezishika, na sasa inaahidi kulipa kutoka mfukoni mwake. Sote tumelelewa kuiheshimu. Shule au ofisi ikikuambia "hatupokei hundi ya mtu, lete bankas cheki", maana yake ni kwamba wewe hawakuamini lakini benki yako wanaiamini. Binamu yangu akaipindua mbele na nyuma, akaona nembo, akaona mapambo ya karatasi, akaona sahihi mbili. Akanipigia simu.

"Hii ni ya benki yenyewe, bwana. Haiwezi kuruka."

Nami nikakubali, kwa sababu nilitaka kukubali.

Kamera haisikii sumaku

Hakwenda benki. Aliweka hundi mezani, akaandika jina lake nyuma na chini yake maneno kwamba ni ya kuwekwa kwa simu tu, akafungua programu ya benki, akapiga picha upande huu na upande ule. Kazi ya dakika mbili. Karatasi ikabaki kwenye droo.

Karatasi ikabaki kwenye droo! Hilo nililipita siku ile kama mtu anayepita dukani bila haja. Sasa nalirudia kila siku.

Chini ya hundi kuna mstari wa tarakimu zenye umbo la ajabu kidogo. Kwa hundi za Marekani, tisa kati yake ni namba ya benki inayotakiwa kulipa, kisha namba ya akaunti, kisha namba ya hundi. Wino wake una chembe za sumaku. Mashine ya benki ikiipitisha hundi huisikia ile sumaku, na hundi iliyochapwa kwa printa ya nyumbani hujulikana kwa ukimya wake. Lakini kamera ya simu haisikii sumaku. Haigusi karatasi ikajua uzito wake, wala haiinui juani kutazama alama iliyofichwa ndani. Inachopeleka ni sura tu. Na ukiniuliza mimi, kitu rahisi kuliko vyote kughushi ni sura.

Kwa nini basi wakaruhusu? Nilidhani ni uvivu wa watu wenye simu. Kumbe kisa chake kina ndege.

Miaka mingi hundi za Marekani zilisafiri zenyewe, karatasi kwa karatasi, kwenye ndege za usiku kutoka mji hadi mji, ili kila moja irudi kwa benki iliyotakiwa kuilipa. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, ndege zote zikashushwa chini kwa siku kadhaa. Hundi nazo zikakwama kwenye magunia, na mfumo mzima ukajikuta unadai pesa kwa karatasi zisizofika. Miaka miwili baadaye, 2003, bunge lao likapitisha sheria inayojulikana kama Check 21, ikaanza kazi Oktoba 28, 2004. Sheria hiyo iliikubali nakala iliyochapwa kutokana na picha, ikiwa imetengenezwa kwa kanuni, isimame mahali pa hundi ya asili. Tangu hapo benki zikaanza kupelekeana picha, na kufikia 2009 picha hiyo mteja aliweza kuipiga mwenyewe kwa simu, sebuleni kwake.

Kwetu karatasi ilianza kubaki nyuma 2011. Unapoweka hundi kwenye tawi la Lamu, karatasi haivuki bahari. Inapigwa picha, na picha pamoja na zile tarakimu ndizo zinazokwenda Nairobi kwenye jumba la malipano, pale benki zinapomalizana hesabu za hundi. Tofauti ni mkono wa nani ulioishika kwanza. Hapa hundi hupita kaunta. Keshia anaipapasa, anaitazama tarehe isiwe imepita miezi sita, anasoma kiasi kwa maneno kisha kwa tarakimu kama mwalimu wa darasa la tatu, na ukiwa umefuta herufi moja anakurudishia. Nimewahi kumlaani keshia kwa hilo. Namwomba radhi.

Ami na salio mbili

Nilipokwisha kujipiga kifua peke yangu nilikwenda kwa Ami. Si ami yangu wa damu. Ni mzee wa mtaani aliyefanya kazi benki Malindi na Mombasa mpaka akastaafu, na jioni humpata Mkunguni, mbele ya ngome, amekaa na wenzake. Nilimweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaagiza kahawa, akasema:

"Alikuonyesha salio gani?"

Nikamwambia salio, salio tu.

"Kila akaunti ina salio mbili," akasema. "Moja ni ya daftari, nyengine ni ya kutoa. Na hata ile ya kutoa si lazima iwe pesa. Yaweza kuwa hisani."

Kahawa ikaja. Akanieleza polepole, na nitajaribu kumfuata.

Hundi, kwa Ami, ni barua. Mtu anaiandikia benki yake: mlipeni fulani kiasi hiki. Ukiniletea mimi benki yangu barua hiyo, sina pesa ya huyo mwandishi. Nina barua yake. Ninachoweza kufanya ni kukuandikia daftarini kwamba umeniletea, kisha niipeleke kwa benki yake niulize: huyu ni mteja wenu? Sahihi ni yake? Akaunti ina kitu? Jibu likiwa ndiyo, hesabu inakamilika. Likiwa hapana, inarudi na sababu: rudi kwa mwandishi, sahihi haifanani, maneno na tarakimu hazipatani, tarehe haijafika. Huku katikati, kati ya swali na jibu, kile ulichoandikiwa daftarini ni kivuli.

"Sasa benki ya Kenya," akasema, "kivuli hicho yakuonyesha lakini haikuachii ukiguse. Yasema: hundi haijakomaa. Ungoje siku moja, mbili za kazi. Ukiiweka Alhamisi na Ijumaa ni Idi, basi ungoje zaidi na usinung'unike."

"Na ya Marekani?"

"Hapo ndipo mlipoumia."

Aliniambia kwamba ujana wake kabla ya picha na kompyuta, makarani wa benki mbalimbali walikutana chumba kimoja, kila mmoja na mafurushi yake ya hundi za wenzake. Wanabadilishana mezani, wanajumlisha. Benki hii inadai ile milioni tano, ile inadai hii milioni nne. Hakuna anayebeba milioni tisa barabarani. Inalipwa milioni moja tu ya tofauti, kwenye vitabu vya benki kuu, na kila mtu anarudi kula chakula cha mchana. Hundi mbaya zinarejeshwa mkutano unaofuata. Mashine za leo zafanya kitu kilekile, ila hazinywi chai.

Hilo la kulipana tofauti lilinikaa kichwani. Nitalirudia.

Nani angoje, nani abebe

Nyumbani nilikaa na simu mpaka usiku wa manane nikisoma kanuni za watu wengine. Nilitarajia kukuta benki katili. Nilichokuta kikanichanganya zaidi.

Zamani benki za Marekani zilikuwa zikizuia pesa za hundi kwa muda mrefu zinavyotaka. Mtu analeta mshahara wake Jumatatu, wiki ya pili bado anaambiwa ngoja, na huku benki imeshalipwa kitambo na pesa inaizalia yenyewe. Wateja wakapiga kelele. Mwaka 1987 bunge likatunga sheria ya kuilazimisha benki iachie pesa kwa siku maalumu. Kwa hundi za kawaida kiasi cha kwanza kinaachiwa siku ya kazi inayofuata. Kilikuwa dola 225, na tangu Julai 2025 ni dola 275. Zilizobaki kwa kawaida zinaachiwa siku ya pili ya kazi. Benki inaruhusiwa kuzuia zaidi kama kiasi ni kikubwa sana, kama akaunti ni changa ya chini ya siku thelathini, au kama ina sababu ya kushuku. Benki ya binamu yangu hufuata kalenda hiyohiyo hata kwa hundi za picha. Aliweka Jumanne. Jumatano zikaonekana 275. Alhamisi zikaonekana zote, naye akanipigia ile picha ya skrini.

Kwa hiyo sheria iliyotuumiza ilitungwa kumsaidia mtu kama sisi.

Nililala na hilo siku kadhaa. Kenya, mteja ndiye anayengoja. Marekani hangoji, lakini anabeba hatari: kuachiwa pesa hakumaanishi hundi imelipwa. Hundi ikirudi, hata kama imechelewa, benki yako inaruhusiwa kukata kilekile ilichokuachia, uwe umekitumia au hujakitumia. Pesa ile ya Alhamisi ilikuwa mkopo usio na jina, na binamu yangu alikuwa ameshaudhamini kwa akiba yake bila kutia sahihi popote, isipokuwa ule mgongo wa hundi.

Ipi afadhali? Siku ninayomkumbuka Mjomba nasema bora kungoja. Siku ninayomkumbuka mwalimu mmoja wa hapa kwetu aliyekaa na hundi ya matibabu ya mkewe kuanzia Ijumaa hadi Jumanne, akikopa nauli ya kuvuka kwenda Mokowe, naona kungoja nako kunaua. Sijapata jibu.

Na kwa nini siku kumi na mbili? Hili nilidhani litabaki fumbo, lakini ukijua ujanja wake ni rahisi. Mghushi huandika jina la benki ya kweli juu ya hundi, halafu chini kwenye zile tarakimu tisa akatia namba ya benki nyingine. Binadamu husoma jina. Mashine husoma tarakimu. Picha ikapelekwa kwa benki isiyohusika, ikatafutwa akaunti isiyokuwepo, ikarudishwa, na njiani ikachukua siku zake. Kila siku moja ilikuwa faida kwa yule "msafirishaji", ambaye alikuwa ameshapokea dola 1,500 za kweli Ijumaa asubuhi na akazima simu.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa hivi. Kutoka zile 3,900 binamu alitoa 1,500 kwa mwizi na 1,200 kwa Mjomba, arbuni ya kununulia mbao. Zikabaki 1,200, pamoja na 900 zake mwenyewe alizokuwa akiweka za kodi ya nyumba. Benki ilipokata 3,900, akaunti ikaenda chini ya sifuri kwa dola 1,800, bila kuhesabu ada.

Mjomba alipoelezwa aliuliza swali moja tu. "Zikaya, zikarudi?"

Nikasema ndiyo.

"Basi hazikuya."

Maneno tuliyoyazoea

Nimekuwa nikijaribu kujitetea kwa lugha. Tangu M-Pesa ije mwaka 2007, Kiswahili chetu cha pesa kimekuwa cha neno moja. Simu inalia, ujumbe unasoma umepokea kiasi fulani, salio lako jipya ni hili. Unamwambia mwenzio "imeingia", na mambo yameisha. Muuza samaki anaachia samaki. Nahodha anawasha injini. Hata pale hatuko salama kabisa, maana kuna watu wanaoandika ujumbe wa uongo unaofanana, na aliyetuma kimakosa anaweza kuomba irudishwe. Lakini kwa sehemu kubwa neno linasimama. Likaota mizizi. Nami nikalichukua nikalivika kitu kisicho chake.

Kumbe tulikuwa na maneno bora zaidi. Wale wa benki husema hundi *imekomaa*, kama embe, na hakuna mtu wa pwani asiyejua tofauti ya embe lililo mtini na embe lililokomaa. Mtaani tunasema *imebaunsi*, na nalo linatosha. Lakini neno lililonishika ni hundi yenyewe.

Si neno la benki ya Mwingereza. Limetoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, wale ambao bidhaa zao na barua zao zilikuja na majahazi ya kaskazi. Mfanyabiashara wa bandari moja anamwandikia wakala wake wa bandari nyingine: mlipe aliyebeba karatasi hii. Zilikuwa za aina mbili kubwa. Moja *darshani*, inalipwa ikionyeshwa tu. Ya pili *muddati*, inalipwa baada ya muda. Muddati! Mtu wa Lamu hahitaji kutafsiriwa. Aliyeshika hundi ya muddati hakumwambia mkewe "imeingia". Alijua ana barua mkononi, kwamba bahari iko katikati, kwamba wakala anaweza kuwa amefilisika au hamjui mwandishi, na kwamba mpaka wakala aseme naam, ana karatasi.

Waarabu nao walikuwa na *sakk*, hati ya kulipwa, na wako wanaodai kwamba jina la hundi katika lugha za Ulaya lilitokana na hiyo, wengine wanakataa. Sina ugomvi. Ninachosema ni kwamba sisi, wa mwambao huu, tulikuwa na neno lenye onyo ndani yake, tukalitumia mpaka onyo likafutika kama nakshi ya mlango unaopigwa na chumvi.

Afrika Kusini wameziacha hundi kabisa mwisho wa 2020. Serikali ya Marekani nayo mwaka 2025 iliamuru malipo yake ya karatasi yakomeshwe. Kenya, tangu Oktoba 2009, hundi haipiti shilingi milioni moja. Zaidi ya hapo pesa lazima ihamishwe moja kwa moja kati ya benki. Huenda mwanangu asije akaiona hundi. Lakini ule muda wa katikati, kati ya kuonekana na kuwepo, sidhani kama utaondoka na karatasi.

Mtu ataniuliza, na kesi je? Hapa Kenya kutoa hundi ukijua akaunti haina kitu ni kosa la jinai, hadi mwaka mmoja jela au faini ya hadi shilingi elfu hamsini, au vyote viwili. Lakini kesi yataka mtu, na sisi tulikuwa na jina la uongo na namba iliyozimwa. Binamu yangu aliandikisha ripoti kwa polisi wa huko. Karatasi yenyewe wameichukua kwenye droo. Ilikuwa na kazi hatimaye.

Hesabu za mama mdogo

Kilichobaki kilikuwa baina yetu, na hicho ndicho nilichokiogopa zaidi.

Mjomba alikuwa ameshatumia zile 1,200, kama shilingi laki moja na nusu. Mbambakofi ilikuwa imeshapasuliwa, vijana wawili wameshalipwa. Kisheria hakudaiwa na mtu. Yeye alipokea arbuni ya kazi. Binamu hakumwomba kitu. Mimi ndiye niliyekwenda karakana jioni moja nikitaka kusema kwamba nitalipa mimi, kwa sababu neno lilikuwa langu. Nilikuwa nimelipanga vizuri. Akanikatiza kabla sijafika katikati.

"Mama yako mdogo hutumiwa ngapi kwa mwezi?"

Mama mdogo ni dada yake, na ndiye mama wa binamu yangu. Nyumba yake iko Mkomani, mwendo wa robo saa. Kila mwezi mwanawe humtumia elfu kumi za matumizi.

"Elfu kumi," nikasema.

"Basi asitume tena. Mimi nitampa."

Nikasimama kama mjinga. Kisha nikafahamu. Elfu kumi atakazotoa Mjomba hapa Lamu, ndizo zitakazobaki kwenye mfuko wa binamu kule Ohio. Hakuna shilingi itakayovuka bahari, hakuna ada, hakuna picha. Miezi kumi na mitano deni limekwisha. Ni hawala, kama walivyofanya wazee, na ni lile jumba la malipano la Ami: wenye madeni wanatazamana, tofauti tu ndiyo inayosogea. Mjomba hajawahi kusikia habari za jumba hilo. Alikuwa akinoa patasi.

Nilimwuliza kama mlango atauuza. Akasema ukiisha ndiyo atajua. Ameufunika turubai, umeegemea ukuta, kizingiti chake kimejaa maua ambayo hakuna aliyeyaagiza.

Juzi alinituma nipeleke fungu la kwanza. Mama mdogo alikuwa uani akikuna nazi. Akajipangusa mikono, akazihesabu noti mara mbili, akazigeuza kila moja ielekee upande mmoja, akazifunga ncha ya leso. Kisha akaniomba nimshikie simu amrekodie mwanawe ujumbe wa sauti. Akaisogeza mdomoni kana kwamba ni sikio la mtu.

"Mwanangu, ya mwezi huu nimeishika mkononi. Kwa Mjomba wako. Weye usitume."

Akanirudishia simu, akarudi kwenye mbuzi yake.